Mkono wa Nesi Kwenye Shuka ya Njambi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao uliong'olewa kwenye lori, umelazwa juu ya mapipa mawili ya lami mbele ya kibanda cha chai cha Mama Jepkemboi, huko Munyaka, pale njia ya kwenda kisiagi, kwenye mashine ya kusaga mahindi, inapoikata barabara ya vumbi. Ilikuwa mwaka uliofuata uchaguzi wa mlolongo, ule wa watu kujipanga nyuma ya wanayemtaka, na baridi ya Eldoret asubuhi ilikuwa ile ya kumfanya mtu ashike kikombe kwanza, salamu baadaye. Wa kwanza kufika siku zote alikuwa Diwani. Jina lake hasa ni Thuo, mwenye duka la chumvi na sabuni hapo ng'ambo, na udiwani aliupata kwa kuukosa: alisimama kwenye mlolongo, nyuma yake akasimama mke wake peke yake, na kwa kuwa mke alikuwa amebeba mtoto mgongoni, Diwani alidai mpaka kesho kwamba walikuwa wawili. Akija Diwani hachelewi kuja Kimutai, aliyekuwa tanboi, utingo wa lori za mahindi, waliyemwita Breki kwa sababu hakuwa nazo. Akianza kusema, unangoja tu agonge kitu. Na pembeni, chini ya ukingo uleule wa mabati, Njambi alikuwa na cherehani yake, akishona sketi za shule na kusikiliza kila neno, na likimfikia neno lisilomfaa, cherehani hunyamaza.

Siku hiyo ya Alhamisi cherehani ilinyamaza mapema.

Ukitaka kujua ni kwa nini, urudi nyuma kidogo, mpaka jioni lile gari la sinema ya afya lilipokuja uwanjani. Watu walitoka hata Kesses. Wenye gari walipotaka kusimamisha kitambaa chao cheupe, upepo ukakirarua katikati, na Njambi, ambaye hapendi jambo kubwa lipite bila yeye, akakimbia nyumbani akaleta shuka yake ya kitanda kikubwa. Ikafungwa kwenye nguzo mbili za goli. Ilikuwa shuka nyembamba, iliyofuliwa miaka mingi, na picha ilipenya ikatokea upande wa pili. Basi uwanja ulipojaa upande wa mashine ya sinema, waliochelewa wakaenda kukaa nyuma ya shuka, kwenye nyasi, wakaona sinema ileile imegeuka, kama mtu anavyogeuka kwenye kioo. Aliyelijua hilo alikuwa mwenye gari peke yake, na hakuna aliyemuuliza. Maandishi nayo yaligeuka, lakini hilo halikumshtua Mama Jepkemboi aliyekaa nyuma. Kwake yeye maandishi yote yalikuwa yamegeuka tangu azaliwe.

Alichokiona Mama Jepkemboi jioni hiyo hakikumtoka tena. Aliona nesi, mwanamke mweusi kama yeye, amevaa nguo nyeupe na kofia ndogo, akiingia kijijini ambako mtoto mchanga alikuwa amelala hoi kwa kuhara. Wazee wamesimama. Chifu amesimama. Nesi akachemsha maji, akayapoza, akatia chumvi na sukari, akakoroga, akachukua kijiko na kumnywesha mtoto kwa mkono wa kushoto. Mbele ya wazee wote, kwa kushoto. Na hakuna mzee aliyekohoa, na chifu akavua kofia.

Wewe unaweza kuona hilo ni jambo dogo. Lakini binti wa Mama Jepkemboi, huyo Jepkemboi mwenyewe, alikuwa mashoto. Alizaliwa hivyo. Jembe alishika kwa kushoto, mwiko kwa kushoto, na ng'ombe alimkama kutoka upande ambao ng'ombe mwenyewe hakuutegemea. Nyumbani walishazoea. Sasa kijana wa Sugoi alikuwa amemposa, na Jumamosi hiyo watu wa kijana walikuwa wanakuja, na msichana ndiye angewamiminia wageni mursik, maziwa lala ya kibuyu, mmoja baada ya mwingine. Kumpa mzee maziwa kwa mkono wa kushoto, huko kwao, ni afadhali umnyime. Kwa hivyo shangazi Jemutai alihamia hapo nyumbani, akaufunga mkono wa kushoto wa Jepkemboi kwa leso, akaukaza mgongoni, na kumwambia amimine kwa kulia mpaka azoee. Maziwa yakaenda kwenye kiatu, yakaenda kwa paka, yakaenda kwenye mapaja ya shangazi. Msichana aliyekuwa akiimba akifua sasa alikuwa akinyamaza akila.

Usiku ule wa sinema Mama Jepkemboi alifika nyumbani, akamfungua leso bila kuvua koti. Shangazi alipouliza anafanya nini, akamjibu kwamba serikali imeonyesha, na kama chifu amevua kofia, yeye Jemutai ni nani.

Basi Alhamisi hiyo Njambi, bila ubaya wowote, akishona pindo la sketi, akasema kwamba jambo lililompendeza kwenye sinema ni adabu ya yule nesi. Alivyoshika kijiko vizuri, kwa mkono wa kulia.

Birika likasimama hewani.

— Wa kushoto, Mama Jepkemboi akasema.

— Wa kulia, mama. Mimi nilikuwa hapo mbele kabisa. Si ni shuka yangu?

— Njambi, mimi nilimwona na hii macho yangu. Kushoto.

Cherehani ikanyamaza, kama nilivyosema, na wanaume wawili wakasogea kwenye benchi kama watu walioletewa nyama.

Diwani akawatuliza. Alisema wote wawili wana haki, kwa sababu wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na kwa hivyo nesi alikuwa anatumia yote miwili, huyu akaona mmoja na yule mwingine. Breki akamwambia anyamaze, yeye ndiye shahidi. Yeye alikuwa amekaa mbele, akamwona nesi ameshika kijiko kwa kulia. Kisha kukawa na mwanamke mwenye kilemba kikubwa mbele yake, akaamua kuzunguka akae nyuma, na alipofika nyuma na kutazama, nesi alikuwa ameshahamisha kijiko.

— Nikasema labda amechoka, Breki akaeleza. Nikarudi mbele nichukue kofia yangu. Kutazama hivi, amehamisha tena. Huyo mwanamke alikuwa na haraka, bana. Hakuna siku nimempata akihamisha. Kila nikifika, ameshamaliza.

— Anahamisha kwa nini? Njambi akauliza.

— Hapo ndio nimefikiria sana.

Na kweli alikuwa amefikiria, na hakukuwa na ukuta karibu wa kumsimamisha. Alisema kwamba filamu hiyo ilitengenezwa nchi ambazo gari hupita upande wa kulia. Yeye mwenyewe alifika na lori la mahindi karibu na mpaka wa Zaire, akaona: usukani uko kushoto, na ukiangalia vizuri hata vijiko viko kushoto, watu wote ni mashoto na hakuna anayeshangaa. Sasa filamu kama hiyo ikifika mpakani ni lazima ibadilishwe mkono kabla ya kuingia Kenya, kama vile gari linavyobadilishwa. Watu wa forodha wakaanza kubadilisha. Ikafika saa ya chakula cha mchana. Wakaacha katikati.

— Kwa hivyo nusu imebadilishwa, nusu bado, akamaliza. Ndio maana.

Diwani alikubali jambo la forodha kwa sababu aliwahi kucheleweshewa sabuni, lakini akasema kuna jambo la ndani zaidi. Akatazama picha ya rais iliyotundikwa juu ya rafu ya vikombe, akageuza uso kidogo, akashusha sauti. Alisema kushoto si mahali pazuri siku hizi. Alikuwa amesikia redioni kwamba wakomunisti ni watu wa kushoto, na kama serikali imeleta sinema yenye mkono wa kushoto, basi ni mtego. Wanaangalia nani atapiga makofi.

— Na wewe ulipiga? Breki akamuuliza.

— Mimi nilipiga na mkono wa kulia.

— Makofi ya mkono mmoja?

— Nilipigia paja.

Mama Jepkemboi hakucheka. Alimimina chai, akarudisha birika jikoni, akajifuta mikono kwenye sehemu kavu ya nguo yake. Alikuwa akihesabu kwa moyo: leo Alhamisi, kesho Ijumaa. Kama Njambi alikuwa sawa, basi yeye amemfungua mtoto mkono kwa jambo ambalo halikutokea, na keshokutwa wazee wa Sugoi watanyoosha vikombe na kuona mkono wa kushoto ukija, na hakutakuwa na chifu wa kuvua kofia. Nyuma ya kibanda alimsikia Jepkemboi akiosha sufuria na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Alikuwa ameanza kuimba tena tangu ile leso ifunguliwe.

— Kwa hivyo mnasema nimrudishie leso? akauliza.

Hakuna aliyetaka kusema ndiyo. Breki akakumbuka kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini akaongeza kuwa ni guu limetajwa, mkono haukutajwa, kwa hivyo msichana yuko salama. Njambi akasema dawa ya ubishi ipo nyumbani kwake. Shuka. Hakuwa ameifua tangu siku ile ya sinema. Aliogopa sabuni isije ikamwondoa nesi.

— Kwani unafikiri amebaki hapo? Diwani akauliza.

— Mimi sijasema amebaki. Nimesema sijafua.

Akaenda akaileta, imekunjwa ndani ya karatasi ya unga. Diwani akashika ncha mbili, Breki akashika ncha mbili, wakainyoosha hapo barabarani, huyu upande huu na yule upande ule, jua la asubuhi likipita katikati yao.

— Mimi niko mbele, Breki akasema.

— Wewe uko nyuma. Mbele ni hapa mimi niko.

— Nyuma itakuwaje na ninakuona?

— Hata mimi nakuona. Kwani nani hakuoni na hiyo shuka ya buibui?

— Shuka yangu haina nyuma, Njambi akasema kwa hasira. Nilishona pindo pande zote mbili.

Ukweli ulipita hapo katikati yao kama kuku anayekata barabara, na hakuna aliyemkimbilia. Breki alikuwa ameshaona kitu. Karibu na pindo, doa la rangi ya kahawia, lenye kichwa na kama kofia. Akaita watu waje wamwone nesi. Diwani akaja, akainama, akavua kofia yake bila kujua. Njambi akawaambia huo ni uji wa mjukuu.

Hapo Diwani, ambaye hakuwahi kupona ule mlolongo, akasema jambo likishindikana, wananchi wapige kura. Wenye kulia wasimame nyuma ya Njambi, wenye kushoto wasimame nyuma ya Mama Jepkemboi. Yeye atahesabu. Breki, wateja waliokuwa na vikombe, mama mmoja aliyekuwa akitoka kisiagi na unga wake kichwani, wote wakajipanga nyuma ya Njambi, kwa sababu walikaa mbele siku ile, au kwa sababu hawakutaka kuonekana kushoto. Mama Jepkemboi alisimama peke yake mlangoni mwa kibanda chake, mkono umeshika mkono.

Kisha mzee mmoja akaja akasimama nyuma yake.

Hakuna aliyemjua. Alikuwa mrefu, amevaa koti zito na kofia ya kizamani, na fimbo yake ilikuwa na vumbi la safari. Alisimama kwa adabu, akisubiri.

— Mzee, Diwani akasema, unajua umepigia upande gani?

— Nimeona foleni fupi, mzee akajibu. Nataka chai.

Wakamkaribisha kwenye benchi. Mama Jepkemboi akamtilia kikombe, na Diwani, ambaye hajawahi kumwona mtu asiyejua jambo bila kumjuza, akaanza kumweleza yote. Akamweleza gari la sinema, na upepo, na shuka. Akamweleza nesi. Breki akaingilia na forodha. Na kwa kuwa simulizi haina ladha bila mwenyewe, Diwani akamweleza kwamba yote haya ni kwa ajili ya binti wa hapa ambaye ni mashoto kabisa, hata ng'ombe anamshangaa, na shangazi alimfunga mkono kwa leso, msichana akamwaga mursik mpaka paka akanenepa, na keshokutwa wageni wanakuja, maskini, hawajui lolote. Mzee alikuwa akipuliza chai yake.

— Wageni wa wapi? akauliza.

— Wa Sugoi.

— Ah. Mimi natoka Sugoi.

Diwani akasema vizuri, Sugoi kuna mahindi mazuri. Kisha akasikia alichosema. Breki, kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, akapata breki.

Mama Jepkemboi alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Alijua sasa yule ni nani. Watu wenye busara kabla ya kuja wengi humtuma mmoja atangulie, apite kama mpita njia, anywe chai, asikie nyumba inasemaje ikiwa haijajipamba. Na nyumba ilikuwa imesema. Alitaka ardhi ya Munyaka ipasuke, impokee yeye na birika na Diwani.

Mzee hakuonekana kama mtu aliyekasirika. Alikuwa amekunja uso kama anayefuatilia hadithi iliyokatwa.

— Huyo nesi, akasema polepole. Mmoja anasema alishika kijiko kwa kulia, mwingine kwa kushoto. Nimesikia. Lakini yule mtoto alikuwa anahara, sivyo?

— Alikuwa anahara sana, Njambi akasema.

— Na akapewa dawa.

— Akapewa. Kwa kijiko.

— Basi mtoto alipona?

Njambi akamtazama Diwani. Diwani akamtazama Breki. Breki akatazama shuka, iliyokuwa imeanguka kwenye benchi na doa lake la uji. Wote walikuwa uwanjani jioni ile. Wote waliona kijiko kikienda. Lakini hapohapo ndipo watu walipoanza kupiga kelele, hawa wa mbele wakisifu adabu na wale wa nyuma wakisema ni ajabu, na Breki akizunguka nguzo za goli kama ndama aliyefungwa, na watu waliponyamaza mwenye gari alikuwa anafungua kamba. Mtu hata mmoja kwenye benchi lile hakujua kama mtoto wa sinema alipona au alizikwa.

— Lazima alipona, Breki akajaribu. Sinema ya serikali.

— Ulimwona?

— Sikumwona.

Mama Jepkemboi alijitafuta moyoni. Yeye ni mama, alizaa, alikesha na watoto wa kuhara, na kuna mmoja hakumwona tena asubuhi. Yeye angalau angekumbuka. Akarudisha picha zile zote, nguo nyeupe, kofia ndogo, kijiko, na kila alipofika kwenye kijiko, uso uliokuwa pale haukuwa wa nesi. Ulikuwa wa Jepkemboi. Jioni nzima, nyuma ya shuka ya Njambi, hakuwa ametazama mtoto yeyote isipokuwa wake.

Mzee akanyoosha kikombe kitupu.

— Niongezewe, akasema. Kama kuna mtu wa kuniongezea.

Jepkemboi alikuwa ametoka nyuma ya kibanda aliposikia mazungumzo ya watu yamekatika. Alisimama na mikono mibichi, akaona kofia ngeni, akaona uso wa mama yake, akaelewa. Akachukua birika kwa mkono wa kulia. Birika lilikuwa limejaa, na chai ikaanza kuruka kabla hajafika kwenye benchi. Diwani akasogeza magoti yake.

— Jepkemboi, mama yake akasema.

Msichana akasimama.

— Mzee amesafiri. Mmiminie na mkono wako.

Hakusema upi. Jepkemboi akamtazama, akahamisha birika, na mkono wa kushoto ukalishika kama linavyoshikwa na mwenyewe. Chai ikashuka mstari mmoja, mwembamba, haikuruka, haikumwagika hata kwenye ukingo wa kikombe. Mzee akaweka fimbo chini, akakipokea kikombe kwa mikono yote miwili, kama apokeavyo mtu kitu anachokiheshimu. Akanywa nusu kwa pumzi moja.

— Jumamosi tutakuwa wengi, akamwambia Mama Jepkemboi. Na barabara ina vumbi. Mweke maziwa ya kutosha, na huyu huyu atumiminie, tusije tukachafua nguo.

Mama Jepkemboi akaitikia kwa kichwa. Njambi akaanza kuikunja shuka yake taratibu, ncha kwa ncha. Mzee akamaliza chai, akaokota fimbo, akasimama, kisha akakumbuka kwamba hajajibiwa. Akageukia benchi.

— Lakini yule mtoto, akasema.

Diwani alifungua mdomo, na kwa kuwa hakikutoka kitu, akaujaza mandazi.